Gari la Umeme na Chumvi ya Mwambao

Kila chombo kipya kiingiapo nchini hutanguliza sifa zake, na kasoro zake huja nyuma. Ndivyo lilivyo gari la umeme la umbo la kati, lile lililoinuka kuliko saluni lakini halijawa jipu kamili. Mnamo Januari 2024 Ethiopia, jirani wa Somalia, ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari ya binafsi yanayotumia petroli au dizeli, na leo magari ya umeme ya umbo hilo, mengi yakiwa yametoka China, yanaonekana katika barabara za Addis Ababa. Haitakuwa ajabu siku moja yakiteremka hadi pwani. Kwa askari wa jeshi na polisi wanaolinda mwambao wa Kismayo na visiwa vya Wabajuni, jambo la kupima si uzuri wa gari. Ni hili moja tu: je, litaondoka saa litakapohitajika?

Haki itendeke kwanza. Mota ya umeme ina vipande vichache vinavyozunguka. Haina plagi wala ekzosi, wala haidai kubadilishiwa oili ya injini. Breki zake huchelewa kulika, kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme katika betri. Basi mwenye kudhani kwamba mota ndiyo itakayomsumbua, mara nyingi atakuwa amekosea. Matatizo mengi yaliyojitokeza yametoka katika vitu vidogo.

Gari hilo lina betri mbili. Kubwa huendesha magurudumu. Ndogo, ya volti 12, huamsha mitambo, taa na milango. Ndogo ikifa, gari halisogei hata kama kubwa imejaa. Mwaka 2024 Hyundai na Kia ziliyaita karakanani magari mengi ya Ioniq 5 na EV6, kwa sababu kifaa kinachochaji betri ndogo kiliweza kuharibika na gari likapoteza nguvu njiani. Mnamo Juni 2022 Toyota iliyarudisha magari ya bZ4X, kwa kuwa boliti za magurudumu ziliweza kulegea hata gurudumu likachomoka. Katika Volkswagen ID.4, maji yaliyopenya katika vishikio vya milango yaliweza kuifanya ifunguke yenyewe. Betri kubwa nayo haikusalimika kabisa: mwaka 2021 Hyundai iliamua kubadilisha betri za maelfu ya magari ya Kona kwa hofu ya moto.

Ikiwa maji ya mvua yameleta taabu hiyo, maji ya bahari ni hatari zaidi. Mnamo Oktoba 2012 dhoruba ya Sandy ilifurikisha bandari moja ya New Jersey, Marekani. Magari 16 aina ya Fisker Karma, yanayotumia umeme na petroli, yaliteketea. Kampuni ilieleza kuwa chumvi ilikula kifaa cha kuongozea mitambo, na umeme wa ile betri ndogo ukawasha moto. Baada ya kimbunga Ian huko Florida, Septemba 2022, yako magari ya umeme yaliyoshika moto siku kadhaa baada ya maji kupungua.

Kudha ni kisiwa. Kila kitu kizito kifikacho huko huvushwa baharini. Gari la namna hii lenye betri kubwa huzidi tani mbili, nao mchanga hauhurumii uzito. Mvuvi wa Kibajuni mwenye mashine ya boti anajua kwamba chumvi haina haraka: leo huacha weupe juu ya waya, kesho waya umekatika.

Upo pia upungufu wa umeme wenyewe. Betri ya kilowati-saa 77 ikichajiwa kwa jenereta inayotoa kilowati 7 itachukua muda wa saa 11 kujaa, na dizeli iliyokimbiwa barabarani itakuwa imerudi kwa mlango wa jenereta. Paneli ya jua ya wati 400, ikipata saa tano za jua kali, hutoa kilowati-saa 2 kwa siku. Kuijaza betri hiyo kwa siku moja kwahitaji paneli zipatazo 40.

Haya hayasemwi ili gari la umeme likataliwe. Yasemwa ili lipokewe kwa maandalizi. Kituo kitakachopewa gari hilo kiwe na betri ndogo ya akiba, fundi aliyefunzwa, na njia ya kuchaji isiyotegemea dizeli peke yake. Boliti za magurudumu zikaguliwe kabla ya safari. Gari lililozama katika maji ya bahari lisichajiwe wala lisiwashwe. Liwekwe uwanjani, mita 15 au zaidi kutoka majengo na magari mengine, hadi fundi alikague.

Mgonjwa anayesubiri kufikishwa hospitali, au doria iliyokwama usiku, haitasaidiwa na sifa za mota. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Katika gari hili, mwiba ni betri ya volti 12.