Taa ya Kumhimiza Dereva Abadili Gia

Dereva aliyelizoea gari lake hubadili gia kwa sikio, wala hangojei kuambiwa na chombo chochote. Walakini katika mashindano, kofia ngumu ikiwa imeziba masikio na macho yote yakiwa katika kona inayokuja, sikio huhadaika na jicho halipati nafasi ya kuushukia mshale wa mita ya mizunguko. Hapo ndipo linapozuka hitaji la taa ya gia, taa moja tu, aghalabu nyekundu, ambayo hufungwa juu ya dashibodi mahali panapoonekana kwa pembe ya jicho, nayo hukaa gizani mpaka injini ifikie kasi iliyokusudiwa, kisha ikawaka. Katika Umoja wa Ulaya kiashirio cha kubadili gia ni sharti la sheria kwa kila gari jipya la abiria la gia za mkono tangu mwaka 2014, ingawa huko makusudio ni kupunguza matumizi ya mafuta na moshi. Taa za namna hii huuzwa tayari. Lakini mwenye mkono mwepesi wa kulehemu aweza kujiundia yake kwa vipande vichache, na akaielewa kuliko mnunuzi.

Kazi yake yote ni kuhesabu cheche. Injini ya petroli ya silinda nne na mapigo manne hutoa cheche mbili kila krankshafti inapozunguka mara moja. Basi ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hupita cheche 200 kila sekunde, na ya silinda sita hutoa 300. Katika gari la zamani lenye distributa, cheche hizo husomwa kwenye koili, kwenye msumari ule wenye alama ya kutoa, unakotoka waya mwembamba kwenda kwenye pointi. Na hapa ndipo panapotaka hadhari kubwa, maana ingawa betri ni ya volti 12, kila pointi zinapofunguka umeme wa msumari huo huruka ghafla hata ukafika mamia ya volti, na chipu isiyokingwa hufa papo hapo. Kinga yake ni rezista ya makumi ya maelfu ya ohmu iliyotangulizwa njiani, na dayodi ya zena ya kukata kila kinachozidi.

Chipu yenyewe, ambayo mafundi wengi wameichagua kwa kazi hii, ni LM2917, iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya National Semiconductor. Hugeuza wingi wa mapigo kuwa volti: ikipewa kapasita ya mikrofaradi 0.01 na rezista ya ohmu 100,000, mapigo 200 kwa sekunde huwa takriban volti moja na nusu, na mapigo 100 huwa nusu ya hiyo, bila kupinda. Ndani yake mna kilinganishi, ambacho huipima volti hiyo na nyingine iliyowekwa na fundi kwa rezista ya kuzungusha. Ya kwanza ikiizidi ya pili, taa huwaka. Taa ndogo ya LED hutosheka na rezista ya ohmu 560, nayo hunywa kiasi cha miliampea 20, hali chipu yaweza kubeba 50.

Kuisawazisha hakuhitaji kuipigisha injini makelele. Umeme wa majumbani kwetu Afrika Mashariki hupiga mara 50 kwa sekunde. Ukishapunguzwa na transfoma ndogo hadi volti chache, ni sawa na injini ya silinda nne izungukayo mara 1,500, na yaliyobaki ni kuzidisha.

Swali lililo gumu ni taa iwake lini. Wengi huiweka kwenye mstari mwekundu wenyewe wa mita ya mizunguko, na kwa rai yangu hiyo ni kuikosa maana yake. Tuseme mstari huo uko 6,500 na injini, katika gia ya pili, hupanda mizunguko 2,000 kila sekunde. Dereva huchukua kama robo ya sekunde kuiona taa na kukanyaga klachi, na katika robo hiyo injini imekwisha kupanda 500. Tena chipu nayo ina uzito wake: kapasita ya kutuliza volti, tuseme ya mikrofaradi moja, huichelewesha sehemu ya kumi ya sekunde, yaani mizunguko 200 mingine. Ukiipunguza kapasita hiyo, taa hufanya haraka lakini hupepesa. Kwa hiyo taa na iwake 5,800. Katika gia ya kwanza injini hupanda kwa kasi zaidi, na hata hiyo huenda isitoshe.

Magari ya siku hizi, yenye koili juu ya kila plagi, hayana msumari wa kusomewa cheche zote pamoja. Afadhali kuutafuta waya wa mita ya mizunguko utokao kwenye kompyuta ya injini. Ama injini ya dizeli haina cheche kabisa, na mwenye basi dogo la dizeli hana budi kuutafuta kwenye alteneta msumari wenye herufi W, kama upo. Mapigo yake ni mengi zaidi, nayo hufuata ukubwa wa puli mbili za mkanda, kwa hiyo puli zipimwe kwanza, na kapasita ya kuhesabia ichaguliwe iliyo ndogo kuliko ile ya petroli.