Shoki za gari la kikundi: kazi ipi ni yetu, na ipi ni ya fundi?



Gari la kikundi likianza kurukaruka njiani kutoka Pap Onditi kwenda Katito, maneno huanza mkutanoni. Mweka hazina anasema sanduku halina kitu. Dereva anasema, "Si bado linatembea?" Na kijana mmoja anauliza kwa nini tusibadilishe shoki wenyewe, maana spana zipo. Swali la huyo kijana ni zuri. Kuna kazi ambayo kikundi kinaweza kuifanya hapa nyumbani na kubakisha pesa ya fundi. Lakini kuna nyingine ambayo imewaumiza watu, na hiyo tusiiguse. Hebu tuzitenganishe.

SHOKI HUFANYA NINI?

Uzito wa gari hubebwa na springi. Shoki, yaani shokabzoba, haibebi mzigo. Ni mkebe wa chuma wenye oili na pistoni ndani. Gurudumu likipanda na kushuka, oili hulazimika kupita kwenye vitundu vidogo sana, na hapo ule mruko hutulizwa. Shoki ikifa, springi huendelea kucheza kama kitanda cha zamani. Halafu kuna bushi, yaani zile raba zinazokaa kwenye viungo ili chuma kisisage chuma.

Wengine hufikiri shoki ni mambo ya starehe tu. Sivyo. Tairi linaloruka halishiki barabara, na tairi lisiloshika barabara halisimami hata ukikanyaga breki vipi. Fikirieni mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku, au mzigo wa matofali unaoteremka kutoka Nyabondo. Huku chini, udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka matope mvua ikija. Barabara za namna hii humaliza shoki mapema.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, halafu achilia. Likiruka zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kutulia, shoki ya kona hiyo imechoka.
2. Angalia mwili wa shoki. Ukiona oili imevuja na vumbi limegandamana nayo, imekwisha.
3. Pitisha kiganja juu ya tairi. Likiwa limelika kwa mabonde-mabonde, yawezekana lilikuwa linaruka.
4. Sikiliza. Mlio wa ko-ko-ko kwenye mashimo mara nyingi ni bushi iliyoisha au nati iliyolegea. Nati haigharimu kitu, kwa hiyo ianze hiyo.

KAZI YETU NA KAZI YA FUNDI

Chungulieni chini ya gari nyuma. Pikapu nyingi, kwa mfano Toyota Hilux za kazi, zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na shoki imesimama peke yake pembeni. Shoki ya namna hii inashikwa na nati au bolti juu na chini basi. Hii ni kazi yetu.

Sasa nendeni mbele ya gari dogo kama Probox. Shoki imepita katikati ya springi ya kuzunguka. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa, na nati moja ya juu ndiyo inayoizuia. Ukifungua nati hiyo bila chombo maalum cha kubana springi, inaruka kama risasi na inaweza kumuua mtu. Wako wanaoifunga kwa kamba au waya. Msijaribu! Hii ni kazi ya fundi mwenye chombo hicho, na baadaye magurudumu lazima yapimwe unyoofu. Boljointi pia mwachieni fundi, kwa sababu ikichomoka njiani gurudumu hulala na dereva hana usukani tena.

KUNUNUA

Bebeni shoki ya zamani dukani, pamoja na namba ya chesisi ya gari. Nunueni mbili, kulia na kushoto, maana moja mpya na moja nzee hufanya gari liyumbe. Shoki na bushi zilizotumika msinunue hata zikiwa rahisi: raba huzeeka hata ikikaa rafuni, na uvujaji hufutwa kwa kitambaa tu. Ombeni risiti yenye jina la kifaa, mweka hazina aiweke.

HATUA KWA HATUA: SHOKI ZA NYUMA ZA PIKAPU

Jioni ya kuamkia kazi, safisheni nati kwa brashi ya waya na kuzipaka mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi hazitapigana nanyi sana.

1. Shusheni mzigo wote. Wekeni gari mahali tambarare, pagumu na pakavu. Ingizeni gia, vuteni breki ya mkono, na wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu.

2. Jaribuni kufanya kazi bila kuinua gari. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha mtu kuingia chini magurudumu yakiwa ardhini. Hii ndiyo njia salama kuliko zote.

3. Ikilazimu kuinua, jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Kwenye udongo wetu jeki huzama bila kutoa sauti, kwa hiyo ikalie ubao mpana. Chesisi ishikiliwe na stendi za chuma, au magogo manene yaliyopangwa kwa kupishana, na gurudumu mlilotoa lilazwe chini ya chesisi kama akiba. Matofali hapana! Tofali ni zuri kwa nyumba, lakini chini ya gari hupasuka ghafla. Asiingie mtu chini kabla ya gari kusukumwa kwa mkono na kuonekana halitikisiki, na asiwe peke yake.

4. Fungueni upande mmoja kwanza, na mwingine ubaki kama mfano. Andikeni jinsi washa na raba zilivyopangwa.

5. Shoki mpya ya oili isimamisheni wima, isukumeni na kuivuta mara kadhaa hadi iende bila kukwama. Ile ya gesi huja imefungwa mkanda. Iingizeni kwanza, ndipo mkate mkanda, uso ukiwa mbali.

6. Nati zikazwe mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Hata mafundi wengine hupuuza jambo hili. Bushi ikikazwa gari likiwa hewani, raba hujisokota likishuka, na baada ya muda mfupi hupasuka.

7. Endesheni polepole, halafu baada ya kilomita 50 hadi 100 angalieni nati zote tena.

MAMBO MAWILI YA MWISHO

Kwanza, shoki nzee msiitupe motoni wala kuikata kwa msumeno. Ya gesi inaweza kulipuka. Oili yake pia isimwagwe mtaroni, kwani maji yetu yote huishia ziwani.

Pili, wako wanaoongeza chuma kimoja au viwili kwenye springi ili gari libebe zaidi. Kumbukeni kwamba breki, tairi na ekseli zimebaki zile zile. Gari haliinami tena, lakini mzigo bado umezidi. Afadhali safari mbili.

Mkimaliza, andikeni kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, kifaa na bei. Ile pesa ya fundi mliyobakisha isitawanyike. Iwekeni kando kununua stendi mbili za chuma, maana hizo zitamlinda kila atakayeingia chini ya gari hilo baada yenu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari letu lina springi za aina gani mbele, na nyuma?
2. Nani kati yetu ana ujuzi wa spana, na ni vijana gani wawili, msichana na mvulana, watakaojifunza kwake?
3. Siku mweka hazina na fundi wasipokubaliana, nani ana mamlaka ya kusema, "Leo gari lisitoke"?