Umeuza Njumu Moja kwa Watu Wawili? Cheki Venye Utaunganisha Biashara Yako ya Online

Wacha tuseme Jumamosi umeamka mapema, umekanyaga matope ya Gikomba, ukabahatika na kamera: Air Force nyeupe namba 42, pea moja tu. Umefika keja, umepiga picha, umeposti Instagram, ukaweka status WhatsApp, na kwa tovuti yako pia. Saa nane mchana dem wa Rongai anakulipa kwa Till. Dakika kumi baadaye msee wa Thika analipa kwa tovuti. Njumu ni pea moja. Manze, nani anaachwa?

Ukizubaa kujibu, jioni screenshot yako inazunguka Facebook na jina lako ni tapeli. Na hukuibia mtu. Shida ni kwamba kila app iko na kijitabu chake. WhatsApp haijui Instagram imeuza nini, tovuti haijui Till imeingiza ngapi, na katikati ya hizo zote ni wewe na kichwa chako.

Usikimbilie kununua programu ya maelfu. Kwanza chagua kijitabu kimoja kiwe baba yao. Kama uko na tovuti ya Shopify ama WooCommerce, tumia hiyo, juu inajipunguzia stoku yenyewe kila oda ikiingia. Kama huna, Google Sheets ni sawa tu. Sheria ni moja: mtu akilipa kwa DM, unaenda kupunguza pale kabla hujamwandikia "asante".

Halafu kila kitu kipewe namba yake. Si "ile white poa". Andika AF-NYP-42, na hiyo hiyo uitumie kila mahali. Wenye hii kazi huiita SKU. Shopify, WooCommerce na hata Jumia ziko na nafasi ya kuiandika, ni vile watu hujaza ovyo, halafu siku ya kuunganisha mashine inaona viatu vitatu tofauti.

Wateja nao ni hivyo hivyo, na hapa ndio wengi huangukia. Msee mmoja amekuachia namba inaanza na 07 WhatsApp, +2547 kwa tovuti, na mahali pengine ni 2547. Wewe unajua ni yeye. Kompyuta inajua ni watu watatu. Mbaya zaidi, ukiiweka Excel bila kuiambia ni maandishi, ile 0 ya mbele inamezwa. Chagua muundo wa 254 bila alama ya kujumlisha, ndio ule mfumo wa Safaricom wa Daraja pia hutumia.

Sasa doo. Kila malipo ya M-Pesa huja na kodi ya herufi na namba kumi, na haijirudii. Hiyo ndiyo kamba inafunga oda na pesa, so iandike kando ya kila oda. Usiitoe kwa screenshot ya mteja, kuna mafundi wa kuchora hizo. Itoe kwa statement yako. Na kama oda ni nyingi, Paybill inakusaidia kuliko Till, juu mteja huweka namba ya akaunti, na hapo unaweza kumwambia aweke namba ya oda. Jumia ni story ingine: hukata komisheni yao kwanza ndio wakulipe, so bei ya kuuza na chapaa iliyokufikia ziandike kando kando.

Ukishapanga hivyo ndio uongee na developer kuhusu API. Usitishwe na hilo jina. API ni kama dirisha la kibandaski: huingii jikoni, unaitisha hapo, unapewa. Daraja iko na dirisha lake. Mteja anabonyeza "lipa", simu yake inaitisha PIN, halafu jibu linarudi kwa tovuti yako likiwa na ile kodi, na stoku inapungua bila wewe kugusa. Hilo jibu hukujia lenyewe, kama konda akigonga bodi dere ajue kuna mtu anashuka. Lakini server yako ikiwa imelala, jibu linapotea, so kila usiku linganisha oda na statement.

Kitu kingine: ukishakusanya namba za watu mahali pamoja, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuangalia. Hiyo listi si ya kumpea beshte yako auzie watu perfume.

Na zile njumu? Wa Rongai ndiye alilipa kwanza, ni zake. Yule wa Thika mrudishie doo yake leo, nauli ya kutuma ikiwa juu yako, na usimwambie angoje Jumamosi.