Mshindo wa Maji Si Samaki

Katika njia zote za kuvua kwa ndoana, ni chache zimpazo mvuvi furaha na ghadhabu kwa wakati mmoja kama kumvua besi kwa chura wa mpira; kwani samaki huyu, ambaye Wamarekani humtukuza kuliko samaki wote wa maji baridi, hujitupa kutoka chini ya magugu kwa mshindo unaosikika ng'ambo ya ghuba, majani yakatawanyika na maji yakaruka, na mvuvi, aliyekuwa ametulia katika mashua yake, akashtuka akavuta fimbo kwa nguvu zake zote, kisha akamwona chura wake akimrudia hewani mtupu, hali samaki amekwenda zake. Wengi hulipokea jambo hili kama kudura, wakasema leo samaki hawana nia ya kula. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba aghalabu nia ya samaki haina kasoro, na kwamba sababu za kumkosa karibu zote zimo mikononi mwa mvuvi mwenyewe: katika ndoana yake, katika mshipi wake, na zaidi ya yote katika kile kipindi kifupi kilicho baina ya mshindo na mvuto.

Besi tunayemsema ni yule wa mdomo mkubwa, ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho akifunga kinywa, na asili yake ni mito na maziwa ya mashariki na kusini ya Amerika ya Kaskazini. Kutoka huko wapenzi wa uvuvi wa burudani wamemchukua hadi pande nyingi za dunia: alifikishwa Japani mwaka 1925, na katika ziwa Naivasha, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, mwaka 1929. Sifa ya kuvua besi mkubwa kuliko wote ilikaa kwa miaka sabini na saba na George Perry, aliyempata mmoja wa ratli 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10, huko Georgia tarehe 2 Juni 1932; na Manabu Kurita alipompata mwingine katika ziwa Biwa la Japani mwaka 2009, akimzidi yule wa kwanza kwa chini ya aunsi moja, kanuni za mchezo zilihukumu kwamba wawili hao wako sawa.

Lakini atakaye kuujua uvuvi wa chura hasa na aende Guntersville, ziwa kubwa kuliko yote katika jimbo la Alabama, lililofanyika baada ya mto Tennessee kuzuiwa kwa ukuta uliokamilika mwaka 1939. Huko, joto kali linapokaribia kwisha, magugu ya haidrila na milifoili yaliyokuwa yakikua chini ya maji huufikia uso wa ziwa, yakalala, yakasokotana, yakawa zulia zito ambalo ndege wadogo huweza kutembea juu yake wakidonoa wadudu. Chini ya zulia hilo mna kivuli, mna visamaki vilivyokimbilia humo kutafuta salama, na kwa sababu ya viwili hivyo mna besi.

Ndoana ya kawaida ikitupwa mahali kama hapo hairudi ila na mzigo wa majani, na haja ya kuikwepa balaa hiyo ndiyo iliyomfanya Harry Ehlers wa Cincinnati, katika miaka ya 1950, kuanza kutengeneza vyambo laini vilivyo wazi ndani, ambavyo chura wa leo ni kizazi chake. Mtazame kwa karibu: mwili wake ni wa plastiki laini, mrefu wa inchi mbili na nusu hivi, tumbo tupu, puani mna pete ya kufungia mshipi, nyuma huning'inia miguu miwili ya nyuzi za mpira, na mkiani hutoka ndoana pacha, ambayo ncha zake mbili zimepinda kuelekea juu na kulala zikigusa mgongo, hata majani hayapati pa kushika. Mbonyeze kwa kidole gumba na kidole cha shahada: mwili hunywea, hewa hutoka, na ncha mbili zilizokuwa zimejificha hujitokeza wazi. Hiyo ndiyo sifa yake, na hiyo hiyo ndiyo ila yake, kwa kuwa kinachoyazuia majani yasinase chaweza pia kumzuia samaki asinase.

Sasa tumwangalie samaki. Besi halirarui windo lake kwa meno, hulifyonza. Hufungua kinywa ghafula, mashavu yakatanuka, maji yakaingia kwa kasi pamoja na kila kieleacho ndani yake, na yote hayo hutimia katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Katika maji wazi hila hiyo ni nadra kushindwa. Lakini juu ya zulia la magugu chura haelei majini, bali amekaa juu ya majani, na ufyonzaji hukutana na majani kwanza. Fauka ya hayo, samaki aliye chini hamwoni chura barabara, bali humfuata kwa mitikisiko anayoihisi kwa mstari wa hisi ulio ubavuni mwake, kisha hukisia mahali alipo na kupiga. Mara hukosa kwa inchi chache; mara humsukuma chura kando pamoja na fungu la majani; mara hushika miguu peke yake; na mara humtia kinywani sawasawa. Katika hali zote nne mshindo ni ule ule. Basi mvuvi anayeuitikia mshindo hana njia ya kupambanua hali moja na nyingine, ilhali anayeuitikia uzito anayo.

Kabla ya mkono kufundishwa subira, hata hivyo, chombo chenyewe hakina budi kutengenezwa, kwa sababu chura atokaye dukani mara chache huwa tayari kwa kazi. Ncha za ndoana zijaribiwe juu ya ukucha: zikiteleza, zipigwe tupa; zikikwama, zinatosha. Kisha kwa koleo zipanuliwe kidogo kwenda nje na kuinuliwa kutoka mgongoni, kiasi cha milimita moja au mbili tu, maana apitaye kiasi hudhoofisha chuma na huyarudisha majani aliyotaka kuyaepuka. Miguu mirefu ipunguzwe kwa mkasi, kwa kuwa samaki ashikaye ncha ya mguu ameshika mahali pasipo na ndoana. Na wako mastadi wanaoukata mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe, ili chura ayumbe kulia na kushoto kwa wepesi zaidi. Mwili ukiwa mgumu, utiwe katika maji ya moto mpaka ulegee. Tena, kila baada ya kutupa mara kadhaa, chura akamuliwe maji yaliyoingia tumboni, kwa sababu aliyejaa maji hanywei upesi kinywani mwa samaki, na asiponywea, ncha hazitoki.

Mshipi nao uwe wa kusokotwa, wenye nguvu ya ratli 50 hadi 65. Ule wa nailoni hunyumbuka, na nguvu ya mkono hupotelea humo kabla ya kuifikia ndoana, lakini wa kusokotwa haunyumbuki, huelea, na hukata mashina ya magugu samaki anapojitahidi kujizungushia. Fimbo iwe ngumu, ya futi saba au zaidi kidogo, ila ncha yake isiwe ngumu kiasi cha kumnyima mvuvi uwezo wa kumchezesha chura. Na rili iwe ya kasi, ambayo mpini wake ukizungushwa mara moja hukusanya mshipi kwa mizunguko saba au zaidi, kwani karibu kila samaki hupiga wakati mshipi umelegea, na anayechelewa kuukusanya huvuta upepo.

Katika kumwendesha chura, mvuvi akumbuke kwamba anamsaidia samaki kulenga. Mwendo usio na mpango, leo mbio kesho kusimama, huonekana wa kuvutia kwa mtu aliye juu, lakini kwa samaki aliye gizani ni fumbo. Mwendo wa taratibu, wenye mdundo mmoja na wa kunyooka, humpa nafasi ya kukisia vyema. Kila chura afikapo kwenye tundu la maji wazi katikati ya zulia, asimamishwe hapo, kwa kuwa hapo ndipo kinywa kinapoweza kumfikia bila kizuizi.

Na pindi maji yapasukapo, mkono ukae. Ncha ya fimbo ishushwe kumwelekea samaki, mshipi uliolegea ukusanywe, na uzito ukishahisika, uzito wa kitu kilicho hai kinachokwenda zake, hapo fimbo inyanyuliwe juu kwa nguvu moja isiyo na kusita. Wako waalimu wanaoamrisha kuhesabu moja, mbili, kabla ya kuvuta, na si vibaya kwa anayeanza. Lakini hesabu haimjui samaki, na yule aliyemfyonza chura mara moja katika maji wazi huweza kumtema kabla ya mbili kutimia. Uzito haudanganyi. Akishanaswa, kichwa chake kigeuzwe juu upesi na apandishwe juu ya zulia. Na akiwahi kuzama ndani ya majani, mashua na imfuate, kwani kumvuta kwa ubabe pamoja na mzigo wa magugu ndiko kunakopasua kinywa na kuachia ndoana.

Samaki aliyekosa windo aghalabu hajaenda mbali. Basi mvuvi asimnyakue chura kwa taharuki, bali amwache papo hapo kitambo, kisha amtikise kidogo tu. Na asipopigwa tena, fimbo ya pili iwe tayari na nyungunyungu wa plastiki, wa kutumbukizwa katika lile tundu lililoachwa na mshindo. Ama wale wanaoongeza ndoana ya tatu nyuma ya chura, shauri lao lafaa katika maji wazi peke yake; ndani ya magugu ndoana hiyo hukusanya majani tu. Tena ni haki kukumbuka kwamba si kila mshindo ni wa besi aliyekusudiwa: huko Alabama samaki aitwaye boufini hupiga pia, na besi wachanga hupiga chura asiyeenea kinywani mwao, na kwa hao wachanga dawa ni chura mdogo zaidi.

Msomaji aliye Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda Alabama kuyajaribu haya, kwa kuwa Naivasha ina besi, ina mafunjo, na ina magugu yaeleayo. Ila achukue kibali, aende na mwenye mashua anayewajua viboko wa pale, na kamwe asimhamishe besi aliye hai kumpeleka katika maji mengine, kwa maana, baada ya besi kuletwa Naivasha, kisamaki mdogo aliyekuwa mwenyeji wa asili wa ziwa hilo hajaonekana tangu mwaka 1962. Na kabla hajawalaumu samaki kwa kukosa nia, ambonyeze chura wake kwa vidole viwili: ncha zisipomchoma yeye, hazitamchoma besi, na zikimchoma, basi lililobaki ni kuuzuia mkono usivute mpaka uhisi uzito.