Hedifoni za Kusikiliza kwa Saa Nyingi: Mfanyakazi Anunue Zipi?



Katika mikutano yetu ya hapa Masha swali moja limerudi mara nyingi, hata tumeona afadhali tulijibu kwa maandishi. Wenzetu wanauliza: ni hedifoni gani ambazo mtu anaweza kuzivaa usiku kucha bila masikio kumuuma, na bila kumaliza posho ya mwezi?

Wanaouliza wana sababu. Wengi wetu tunalala chumba kimoja na watoto. Anayerudi usiku kutoka zamu ya kiwanda cha maziwa mjini Mbarara anataka kusikia habari, lakini nyumba nzima imelala. Wenzetu wa Nakivale waliotoka Kivu wamekesha na redio na simu tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwezi Januari 2025, wakitafuta habari za jamaa zao. Wengine hujifunza Kiingereza kwa masomo yaliyorekodiwa kwenye simu. Hizo ni saa mbili, tatu, pengine nne kwa usiku mmoja. Kifaa kinachofaa kwa wimbo mmoja njiani huwa adhabu kwa saa nne.

Kwanza tuseme aina zake. Ziko zile ndogo za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, ambazo wengi huziita iafoni. Ni rahisi na hukaa mfukoni, ila huwasha, hukusanya nta na jasho, na haifai kabisa watu wawili kuazimana, maana maambukizi ya sikio hupita humo. Ziko za utepe wa kichwani zenye sponji inayolala juu ya sikio. Hizi ni nyepesi, lakini zikibana sana hukandamiza sikio hadi lipate moto. Na ziko zenye vikombe vinavyozunguka sikio zima bila kuligusa. Kwa kusikiliza muda mrefu, sisi tunaona hizi za mwisho ndizo bora, mradi zisiwe nzito. Zikizidi gramu 250 hivi, shingo itaanza kulalamika.

Msichague kwa macho. Dukani, zivae dakika kumi kamili huku ukizungumza bei, hata kama muuza duka atanuna. Geuza kichwa, inama, tafuna kidogo. Anayevaa miwani azijaribu akiwa na miwani yake, na dada anayefunga kitambaa azijaribu juu ya kitambaa. Pedi zilizofunikwa kwa nguo hupitisha hewa. Zile za ngozi ya bandia hutoa jasho na baada ya muda hubanduka magamba. Kama utepe unabana tu na mengine yote ni mazuri, usizikatae. Zitanulie juu ya vitabu au boksi usiku mmoja au miwili, zitalegea.

Halafu sauti. Wauzaji hupenda kukupigia muziki wenye besi nzito, nawe unasisimka na kutoa fedha. Wewe omba kusikia mtu anayezungumza, msomaji wa habari kwa mfano. Kama kila neno linasikika vizuri huku sauti ikiwa chini, hedifoni hizo zinakufaa. Kwenye boksi angalia pia ohm: 16 hadi 32 zinaendeshwa na simu au redio ndogo bila taabu. Zenye ohm 250 ni za mitambo ya studio; kwenye simu yako zitanong'ona tu.

Waya au zisizo na waya? Zisizo na waya ni nzuri kwa anayelala huku anajigeuza, lakini zinataka chaji, na ambako umeme ni wa paneli ndogo ya jua iliyokwisha kugombewa na simu tatu, hilo ni deni jingine. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Bila waya, redio hiyo haishiki. Mwenye waya husikiliza stesheni za Mbarara bila kununua bando hata la shilingi moja. Kwa mtu wa kipato chetu, sisi tunapendekeza waya.

Kuhusu bei, tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme unanunua za shilingi 5,000, nazo zinakufa kila mwezi. Kwa miezi sita umelipa 30,000 na mkononi huna kitu. Aliyenunua za 25,000 zikadumu mwaka amekushinda mbali. Waya hukatika zaidi pale unapoingia kwenye kichwa cha kuchomeka. Kwa hiyo chagua zenye mpira mnene mahali hapo, na bora zaidi zenye waya unaochomoka ili ubadilishe waya peke yake.

Sasa tufike penye uzito. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda desibeli 3 tu, muda huo hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Na sikio halina daftari mbili, moja ya kazini na moja ya nyumbani. Kelele za mashine na za hedifoni huandikwa ukurasa mmoja.

Mwenzetu mmoja wa chumba cha kufungashia alikuwa akivaa iafoni kazini, akisema zinamkinga na kelele. La hasha! Ili asikie muziki juu ya mashine, ilimbidi aufungulie kupita mashine yenyewe. Leo masikio yake yanalia mluzi hata usiku. Kinga ya kelele ni vifaa vyake maalumu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Visipotolewa, mwambieni mwakilishi wenu wa tawi. Msijinunulie hedifoni badala yake.

Nyumbani, sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa simu, na kila saa moja zivueni dakika chache. Njiani, hasa kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro yenye malori ya matoke na bodaboda, zikae shingoni. Wakati wa kuzihifadhi, usizungushe waya kwenye simu kwa kuukaza. Ukunje kwa duara pana na uutundike kwenye msumari.