Ubora na Uimara wa Vipuri Mbadala vya Nyuzi na Gundi katika Magari ya Mpanda, Mkoa wa Katavi

Utangulizi

Mpanda ni mji uliozaliwa na usafirishaji. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki. Tangu Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na hasa baada ya lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, mpunga wa Mpimbwe, mahindi, tumbaku na abiria vimezidi kutegemea barabara. Magari yanayofanya kazi hiyo, kuanzia Noah na Hiace hadi malori ya Fuso, kwa kawaida huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi. Vipuri vyake vya asili huwa vimechakaa au vinakaribia kuchakaa. Vinavyochukua nafasi yake ni vipuri mbadala, yaani vile ambavyo havikutengenezwa kwa agizo la mtengenezaji wa gari, na vingi hufika Mpanda vikiwa mizigo ya basi kutoka maduka ya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam.

Mnunuzi anapofika dukani huuliza swali moja: ni orijino au ni feki? Makala haya yanafafanua kwa nini swali hilo halitoshi, hasa kwa kundi la vipuri ambavyo ubora wake umefichwa ndani ya umbo lake. Hivi ni vipuri vilivyoundwa kwa nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, ambayo wataalamu huiita rezini. Boneti ya nyuzi za kaboni ni ya kundi hili. Bampa ya faiba ni ya kundi hili pia. Jambo ambalo wamiliki wengi wa magari hawalifikirii ni kwamba pedi ya breki nayo ni ndugu wa damu wa vipuri hivyo viwili.

Nyuzi hubeba, gundi hushika

Chuma kibovu mara nyingi hujitangaza: huwa na kutu, mapovu au mstari wa ufa. Kipuri cha nyuzi na gundi hakina tabia hiyo. Nguvu yake hutokana na mambo matatu ambayo macho hayayafikii, nayo ni wingi na mwelekeo wa nyuzi, aina ya rezini, na namna rezini hiyo ilivyoivishwa. Uzi wa kaboni una unene wa takriban maikromita 7, mwembamba kuliko unywele, na hupatikana kwa kuchoma uzi wa plastiki maalumu bila hewa ya oksijeni katika joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ukivutwa una nguvu ya kushangaza. Ukiachwa bila rezini ni kitambaa tu. Gari la mashindano la McLaren MP4/1 la mwaka 1981 ndilo la kwanza katika Formula 1 kuwa na kiunzi cha nyuzi za kaboni, na tangu hapo mchoro wa mfumo wake mweusi umekuwa alama ya fahari kwa magari duniani kote.

Fahari hiyo ndiyo iliyozaa udanganyifu. Vipuri vingi mbadala vinavyoitwa vya kaboni vina tabaka moja tu la kaboni juu, na chini yake ni faiba ya kioo. Vingine havina kaboni kabisa bali ni karatasi ya plastiki yenye picha ya mfumo. Hata kile chenye kaboni halisi hutegemea rezini. Rezini iliyogandishwa katika joto la kawaida la karakana huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, kiwango ambacho boneti nyeusi iliyoegeshwa juani siku nzima inaweza kukikaribia, huku ikipata joto jingine la injini kutoka chini. Rezini isiyo na rangi ya kinga dhidi ya mwanga wa jua hugeuka manjano, kisha hufifia na kupasuka juu juu. Aidha, kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa taratibu kuzunguka boliti. Gharama ya kasoro hizi, hata hivyo, huwa ni fedha na sura ya gari, isipokuwa pale boneti inapofunguka mwendoni.

Bampa ya faiba

Katika karakana za mikoani, nyuzi zinazojulikana zaidi ni za kioo. Bampa ya kiwandani ya gari la Kijapani kwa kawaida ni ya plastiki inayopinda na kurudi. Bampa mbadala ya faiba haipindi sana. Ikigonga kisiki hupasuka. Rezini yake ya poliesta huhitaji hadina kwa kipimo kidogo, takriban asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Fundi anayemimina kwa kukadiria kwa jicho akizidisha, rezini huchemka, hujikunja na kutoa nyufa ndogo. Akipunguza, hubaki na unato wiki nzima na haifiki ugumu wake kamwe. Ubora wa bampa huamuliwa katika nusu saa hiyo.

Ni haki, hata hivyo, kuisemea faiba jambo moja. Bampa ya plastiki iliyopasuka ni vigumu kuunganishwa ikadumu, ilhali ya faiba inaweza kutibiwa kwa vitu vilevile vilivyoiunda, na fundi wa Mpanda anaweza kuifanya kazi hiyo bila kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Kwa gari la shamba, huo nao ni uimara wa aina yake. Ukaguzi wake ni ule ambao kila mnunuzi wa chungu sokoni anaujua: hugongwa kwa sarafu au kwa kidole. Mlio mkavu na wa wazi huonesha tabaka zimeshikana. Mlio mfu huonesha zimeachana ndani.

Pedi za breki na mteremko

Pedi ya breki ni bamba la chuma lililobandikwa mchanganyiko wa nyuzi za chuma, za kioo au za aramidi, grafiti, unga wa madini na viambata vya kukwaruza, vyote vikishikwa na rezini ya fenoli. Mchanganyiko huo hushindiliwa katika kalibu yenye joto, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa ili rezini iive hadi ndani. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hupunguza nyuzi, huongeza unga, na hufupisha muda wa kuoka. Pedi inayotoka ina rangi, umbo na uzito unaokaribia kabisa ule wa pedi nzuri.

Tatizo la pedi hiyo ni kwamba mjini hufanya kazi vizuri. Mpanda mjini hakuna miteremko mirefu, na pedi laini iliyo baridi inaweza kushika hata kuliko ile ngumu. Dereva huijaribu, huridhika, na humlipa fundi. Mtihani wenyewe uko mbali zaidi, kwenye barabara ya Sumbawanga, ambako baada ya Kizi njia hushuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Kibaoni kabla ya kupita Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Sitalike. Lori lenye uzito wa tani 10 likishuka kimo cha mita 300, nishati inayopaswa kuondolewa ni takriban megajuli 29, kiasi cha kuchemsha karibu lita 88 za maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi. Sehemu ambayo injini haikuizuia kwa gia ndogo hugeuka joto katika breki, iwe ni pedi na diski au lainingi na ngoma.

Rezini ya fenoli huanza kuvunjika joto linapozidi takriban nyuzi 300. Ikivunjika hutoa gesi, na gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski. Hapo dereva hukanyaga pedali na kuikuta ngumu kama kawaida, lakini gari haliitikii. Dalili hii haina budi kutofautishwa na ile ya mafuta ya breki yaliyochemka, ambapo pedali huzama hadi sakafuni. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho cha chini ni 140. Pedali ngumu isiyosimamisha gari huelekeza kwenye pedi. Pedali laini huelekeza kwenye mafuta. Fundi asiyemuuliza dereva pedali ilikuwaje anaweza kubadilisha kipuri kizuri na kuacha kibovu.

Vumbi la kiangazi na tope la masika huongeza mtihani mwingine. Sehemu ya hifadhini ilibaki ya changarawe kwa miaka mingi, na chembe za mchanga zinazojipachika katika pedi laini huchora diski mifereji. Masika, maji huingia kati ya bamba la chuma na tabaka la msuguano. Iwapo bamba halikusafishwa vizuri kiwandani kabla ya kupakwa gundi, kutu huota chini ya tabaka na kulisukuma hadi likabanduka, wakati mwingine likiwa zima.

Pedi nyingi huchapishwa ukingoni herufi mbili kwa mujibu wa utaratibu wa Marekani wa SAE J866: ya kwanza huonesha msuguano zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa zimepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE, basi, hupoteza sehemu ya nguvu zake inapopata moto. Zile zilizoidhinishwa kwa kanuni ya R90 inayotumika Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R. Kanuni hiyo huitaka pedi mbadala isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika utendaji wake. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu kilomita ngapi, na yeyote mwenye mashine anaweza kuzichapa. Hata hivyo, pedi isiyo na herufi yoyote wala jina la mtengenezaji haimpi mnunuzi hata pa kuanzia.

Orijino, feki na mbadala

Mazungumzo ya dukani hukunja aina kadhaa za vipuri katika maneno mawili. Toyota, kwa mfano, hununua vifaa vya breki kutoka kampuni kama Akebono na ADVICS. Pedi ya kampuni hizo ndani ya boksi lake yenyewe si feki, ingawa haina jina la Toyota. Kipuri mbadala chenye jina lake halali kinaweza kuwa kizuri au dhaifu. Kipuri cha mtumba kilichotolewa katika gari lililokatwa ni cha asili kabisa, lakini umri wake haujulikani. Kipuri cha bandia ni kile tu kinachovaa jina la mwingine.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo utekelezaji wake uko mikononi mwa Tume ya Ushindani, hupambana na wizi wa jina. Viwango vya ubora ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Pedi dhaifu iliyouzwa kwa jina lake yenyewe haivunji sheria ya kwanza hata kidogo, na mnunuzi aliyezoea kuuliza “ni feki?” atajibiwa kwa ukweli kwamba siyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa pedi ya breki methali hiyo haisaidii, kwa kuwa vyote viwili viko rafu moja na katika maboksi yanayong'aa sawasawa. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari wa Mpanda hulipia boksi lenye jina kubwa, ambalo ndilo linaloigwa zaidi, na kuiacha pedi mbadala ya bei ya kati yenye namba ya 90R.

Umbali nao huathiri dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa kazi hiyo. Lakini kipuri kilichonunuliwa kwa simu kutoka zaidi ya kilomita 1,000 na kufungwa na fundi wa tatu hakirudishwi kwa urahisi. Muuzaji husema kilifungwa vibaya, fundi husema kilikuja kibovu, na hakuna mwenye ushahidi. Ushahidi unaopatikana ni wa karakana yenyewe: picha ya boksi na ya ukingo wa pedi kabla ya kufungwa, usomaji wa kilomita siku ile, na pedi ya zamani yenyewe, ikitunzwa badala ya kutupwa. Pedi iliyokwisha hadi milimita 3 baada ya miezi mingi imechakaa kwa kazi. Iliyobanduka kutoka kwenye bamba lake ikiwa bado na milimita 8 haikuchakaa. Iliachana, na alama ya kutu kwenye bamba huonesha mahali gundi ilipokosekana.