Chakula cha alasiri kwa watoto: Soko dogo lenye masharti makubwa

Mwanafunzi wa darasa la tatu jijini Dar es Salaam hutoka shuleni kati ya saa nane mchana na saa tisa alasiri. Mama yake, kama ni muuza duka Kariakoo au karani wa ofisi Posta, hafiki nyumbani Mbagala au Gongo la Mboto kabla ya saa moja jioni, na siku ya mvua ni saa mbili. Katika saa hizo nne au tano mtoto hukaa kwa bibi, kwa jirani, twisheni, madrasa, au katika kituo cha kulelea watoto ambacho baada ya masomo hupokea pia wanafunzi wa shule za msingi.

Mzazi anayetafuta kituo huuliza kwanza ada, kisha usalama wa geti, kisha kama kuna mwalimu wa kusimamia kazi za nyumbani. Chakula huulizwa mwisho, na mara nyingi jibu huwa fupi: "Wanakunywa chai." Chai yenyewe ni ya rangi, yenye sukari nyingi, pamoja na andazi moja au mawili. Siku nyingine ni biskuti na juisi ya unga iliyokorogwa kwenye ndoo.

Si kweli kwamba andazi halina faida yoyote. Linatia nguvu, na mtoto mwenye njaa hulifurahia. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo inatokana na unga mweupe, mafuta na sukari tu, wakati mwili unaokua unahitaji pia protini, madini ya chuma na vitamini A. Chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza tatizo, kwa sababu hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na maharage. Kwa mtoto aliyekunywa uji asubuhi na hakupata chakula cha mchana shuleni, mlo wa saa kumi ndio mlo wake wa pili kwa siku. Kuuita kitafunwa ni kuupunguzia uzito.

Mlo huo unaweza kutoka shambani karibu na mji, bila kiwanda na bila kuagiza kitu nje ya nchi. Chukua gramu 150 za viazi lishe vya kuchemsha, yaani vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, gramu 20 za karanga zilizokaangwa na ndizi mbivu moja. Kwa pamoja vinampa mtoto kalori zipatazo 340. Karanga peke yake zina protini gramu tano hivi, karibu sawa na yai moja. Viazi vinatoa vitamini A, na mafuta yaliyomo ndani ya karanga husaidia mwili kuipokea. Kituo cha utafiti wa viazi cha kimataifa, CIP, kinakadiria kuwa gramu 125 za aina nyingi za viazi hivyo zinatosheleza mahitaji ya siku nzima ya vitamini A kwa mtoto mdogo. Kazi hiyo ya kuboresha na kusambaza viazi lishe ndiyo iliyowapatia watafiti wa CIP, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Watu wazima wengi hawavipendi viazi hivi wakilinganisha na vyeupe, kwa madai kuwa vina maji na havina unga wa kutosha mdomoni. Watoto hawana malalamiko hayo, kwa vile ni vilaini na vitamu, na rangi yake inawavutia. Mkulima aliyewahi kupanda Kabode au Mataya akarudi na mzigo kutoka sokoni, pengine alikuwa anamtafuta mnunuzi asiye wake.

Hesabu ya kituo kimoja

Kabla mkulima hajafurahia soko hili, apige hesabu. Kituo chenye watoto 30 kinachotoa viazi lishe mara mbili kwa wiki kitatumia kilo 9 kwa wiki. Shule za msingi Tanzania husoma siku 194 kwa mwaka, sawa na wiki 39 hivi. Kwa mwaka mzima kituo hicho kitanunua kilo 350, yaani magunia matatu na kitu ya kilo 100. Karanga, kwa kipimo cha gramu 20 kila mtoto mara mbili kwa wiki, hazifiki kilo 50 kwa mwaka. Unga wa uji, kwa gramu 40 kila mtoto mara mbili kwa wiki, ni kilo 94.

Mayai ndiyo yenye hesabu nyepesi kuliko yote, maana trei moja ina mayai 30. Kila mtoto akila yai moja kwa wiki, kituo kinahitaji trei moja kila wiki, trei 39 kwa mwaka.

Kwa kiasi hicho kituo kimoja si soko. Ni mteja, kama mama lishe wa kona alivyo mteja. Mkulima wa Mkuranga au Kisarawe akipanda pikipiki kupeleka kilo 9 za viazi Mbagala, nauli itakula faida yote kabla ya kufika Kongowe. Soko linaanza pale vituo kumi vya eneo moja vinapopelekewa mzigo siku moja na mtu mmoja, ambaye kwenye tenga lake ana viazi, ndizi, trei za mayai na karanga zilizokwisha kupimwa na kufungwa. Hapo mzigo wa viazi pekee ni kilo 90 kwa wiki. Kazi hiyo inamfaa zaidi mchuuzi wa mjini anayejua njia kuliko mkulima mwenyewe, na mkulima asione aibu kumwachia.

Kinachowashinda wengi si bei bali kupatikana kwa bidhaa kila wiki. Viazi vitamu vikishachimbwa havikai sana katika joto la Pwani. Baada ya wiki moja au mbili huanza kusinyaa na kuoza. Njia ya wenyeji ni ile ile ya zamani ya kuviacha ardhini na kuchimba kidogo kidogo, kwa uangalifu wa fukusi, ambao hushambulia zaidi udongo unapokauka na kupasuka. Marando yaliyopandwa kwa mvua za masika huanza kutoa viazi Julai na kuendelea, na yale ya vuli hutoa kuanzia Februari. Wakulima watatu wanaopishana wiki chache kupanda watatosha kulisha vituo hivyo kumi kwa sehemu kubwa ya muhula. Mmoja peke yake hataweza.

Karanga na unga wa lishe

Bidhaa inayotakiwa kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni karanga, pamoja na unga unaoitwa wa lishe. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na tukio kama hilo, watu 68 wakaugua na 20 wakapoteza maisha. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga shambani wakati wa ukame, au baada ya kuvuna, zinapoanikwa kwenye udongo mtupu na kuhifadhiwa kabla hazijakauka. Haionekani kwa macho, haina ladha, na haiishi kwa kuchemsha uji. Kwa kipimo kidogo cha kila siku haiui papo hapo, lakini hudhuru ini.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu ya aflatoksini katika kilo moja ya mahindi au karanga. Jambo la kutia moyo ni kwamba katika karanga sumu hiyo kwa kawaida hujikusanya ndani ya punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zilizovunjika. Kuchambua kwa mkono, punje kwa punje kwenye ungo, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Ila makapi hayo yana mnunuzi wake. Yanauzwa kwa bei ya kutupa, na anayeyanunua mara nyingi ni msagaji, kwa kuwa punje ikishasagwa hakuna anayejua ilikuwaje.

Ndiyo maana pakiti ya unga wa lishe yenye maandishi ya nafaka saba, nane au kumi isimvutie mwenye kituo kwa wingi wa majina. Mtoto hafaidiki zaidi kwa mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele na ngano kuwamo kwenye sufuria moja, kwani zote ni nafaka na zinafanya kazi inayokaribiana. Kila nafaka inayoongezwa ni gunia jingine lisilojulikana liliko anikwa. Karanga zilizosagwa ndani ya unga huchacha haraka kwa sababu ya mafuta yake, na soya iliyosagwa mbichi ina viini vinavyozuia mwili kutumia protini hadi ipikwe ipasavyo. Ulezi mtupu, au mahindi na ulezi, unatosha kwa unga. Karanga zilizochambuliwa, kukaangwa na kutwangwa ziongezwe wakati uji unachemka. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano zisitolewe nzima, kwani zinaweza kuwapalia, na mzazi aulizwe kwanza kama mtoto ana mzio nazo.

Msagaji mdogo anayetaka kuuza unga kwa vituo atahitaji nembo ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa la TFDA. Njia hiyo ina gharama na foleni yake, na SIDO wamekuwa wakiwasaidia wajasiriamali kuipita. Anayeuza karanga zilizochambuliwa na nafaka isiyosagwa ana nafasi nzuri zaidi mwanzoni, maana mnunuzi anaona anachonunua.

Mkulima mwenyewe ana kipimo asichokilipia. Chumvi kavu ikitiwa kwenye chupa kavu pamoja na mahindi, ikatikiswa na kuachwa dakika chache, chumvi ikinata kwenye kioo basi mahindi bado mabichi kuhifadhiwa. Turubai la kuanikia ni gharama ya mara moja kwa misimu kadhaa. Mwenye ng'ombe naye asidhani hayamhusu, kwa kuwa sumukuvu iliyomo kwenye pumba na mashudu huonekana tena kwenye maziwa. Maziwa yanayopelekwa kituoni lazima yachemshwe, hata kama yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo.

Malipo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Mchuuzi anayetaka mteja wa kudumu aanze na vilivyosajiliwa, kwa sababu havihami usiku. Hata hivyo navyo hutegemea ada za wazazi, ambazo huingia mwisho wa mwezi au zisiingie kabisa, na ada zikichelewa chakula ndicho hukatwa kwanza. Kupeleka mzigo wa wiki nne kwa mkopo ni kumkopesha mzazi usiyemfahamu. Afadhali kulipwa kila Ijumaa kwa simu, hata kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya sokoni, na chakula kikatenganishwa na ada ya malezi ili mzazi ajue analipia nini. Vituo vingine huwaomba wazazi walipie chakula kwa wiki, na mzazi anayelipwa kwa siku huona wepesi zaidi hivyo.

Lipo pia suala la likizo. Juni na Desemba shule hufungwa na mahitaji ya vituo hubadilika, baadhi hubaki na watoto wadogo tu. Viazi vinaweza kusubiri ardhini, na karanga zilizokauka vizuri zinaweza kusubiri kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kuku hawajui likizo, kwa hiyo mfugaji aliyezoea kupeleka trei kumi kila wiki aongee na mama lishe au duka la jirani kabla kengele ya mwisho wa muhula haijapigwa.